Mzizi Unapogota: Sayansi ya Chini ya Shamba la Pamba Nkoma

Wasukuma hawakungoja maabara ili waujue udongo wao. Juu kwenye miinuko, kule ambako mchanga mwepesi humeguka kutoka kwenye majabali, wanaita luseni. Ukishuka unaingia itogolo. Chini yake iko ibambasi, udongo wa kijivu ambao wakati wa kiangazi jembe hudunda juu yake, na mvua ikinyesha maji husimama badala ya kuzama. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaong'ang'ania miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana jua likiwaka. Kuna pia ibushi, wenye chokaa. Majina haya yalijitosheleza kiasi kwamba wataalamu wa enzi ya Mwingereza waliyachukua yalivyo wakayaandika kwenye ripoti zao. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, alitangaza mwaka 1935 wazo la udongo unaofuatana kwa mpangilio kutoka kilele hadi bonde. Leo wazo hilo linafundishwa vyuo vikuu duniani kote kwa jina la katena, alilolipa Milne mwenyewe. Chimbuko lake ni miteremko ya Afrika Mashariki, na ya Usukumani wenyeji walikwisha kuigawa zamani kwa majina yao wenyewe.

Nkoma ni kata ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi wakati mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo lote lilihesabiwa Shinyanga. Mipaka ya utawala ilihama, udongo ukabaki palepale. Pamba, mtama, mahindi, viazi vitamu, dengu na choroko vyote hulimwa huku, na kila kimoja kinazamisha mzizi mahali ambapo mwenye shamba hapaoni. Mkulima anajua rangi ya jani, anajua vitumba vimebeba vipi, anamjua funza kwa sura. Akiulizwa mzizi wa pamba yake ulikuwa umefika wapi mwezi wa pili, atakadiria. Afisa ugani naye atakadiria.

Mhadhara huu unahusu watu walioamua kutokadiria, tukianza na mwanafunzi wa uzamivu.

Wengi hudhani mwenye shahada ya uzamivu ni mtu anayejua mengi. Ukweli ni kwamba miaka yake mitatu, minne au zaidi ameitumia kukijua kitu kimoja kidogo mpaka chini. Anayechagua mizizi hukutana na tabu ambayo mwenzake wa majani haijui, kwa kuwa jani linapigwa picha asubuhi na jioni, na kesho yake lipo tena. Mzizi ukiuchimba umeuua. Ukitaka kuuona wiki ijayo itabidi uchimbe mmea mwingine, na huo mwingine si yule wa kwanza.

Kwa hiyo kazi huanza na bomba la chuma. Bomba linagongwa ardhini kwa nyundo nzito hadi kina cha mita moja au zaidi, linang'olewa, na nguzo ya udongo inayotoka ndani yake inakatwa vipande vya sentimita kumi kumi. Kila kipande kinaingia kwenye mfuko wake wenye namba. Maabarani, kipande kinalowekwa usiku kucha, kisha kinamiminwa juu ya chekecheke la matundu madogo huku maji yakipita taratibu. Udongo unakwenda zake. Kinachobaki ni fungu la taka: vipande vya majani, mayai ya wadudu, mizizi iliyokufa msimu uliopita, na katikati yake nyuzi nyeupe nyembamba ambazo ndizo zilizotafutwa. Mwanafunzi anaziokota kwa kibano, moja moja, anazilaza kwenye trei lenye maji ili zisisongamane, anaziingiza kwenye skana, na programu ya kompyuta inapima urefu wake. Kipande kimoja cha udongo wa mbuga kinaweza kula nusu siku, maana mfinyanzi hauachii mzizi kirahisi. Shamba moja la majaribio hutoa mamia ya vipande. Hapo ndipo wengine hubadili mada ya tasnifu.

Waliovumilia wameleta takwimu za kushangaza. Mwaka 1937 Mmarekani Howard Dittmer alichapisha hesabu ya mmea mmoja wa nafaka ya rai (rye) aliouotesha ndani ya sanduku kwa miezi minne. Alipojumlisha mizizi yote, mikubwa kwa midogo, alipata urefu wa kilomita 623. Hapo hajaongeza vinyweleo vya mizizi, ambavyo yeye alivikadiria kuwa bilioni 14, vyenye urefu wa zaidi ya kilomita 10,000. Mmea mmoja, sanduku moja. Mimea inayoota porini au shambani haifikii kiwango hicho, kwa sababu sanduku la Dittmer lilikuwa na udongo laini na maji ya kutosha. Lakini hesabu ile iliwafungua watu macho: sehemu kubwa ya kazi ya mmea hufanyika mahali pasipotembelewa.

Baadaye zana zikaongezeka. Kuna masanduku yenye ukuta wa kioo, ambapo mzizi hushuka ukiwa umebanwa na kioo na mtafiti huuchora kila siku. Kuna mashine za eksirei za aina ileile inayotumika hospitali kuchunguza kichwa cha majeruhi, ambazo humwezesha mtafiti kuuona mzizi ndani ya chungu bila kuuchimbua. Mwaka 2012 watafiti wa Dundee, Scotland, walitangaza udongo bandia wa chembechembe ambazo zikiloweshwa kwa kimiminika maalumu zinakuwa angavu, hata mzizi unaonekana ukipita katikati yake. Chombo cha bei nafuu kuliko vyote bado ni chepe, na tutakirudia.

Mzizi unapitaje basi? Hauchimbi, kwa maana haukwangui wala kutafuna udongo. Unasukuma. Sehemu inayosogea mbele ni ncha peke yake, yaani sentimita moja hivi ya mwisho. Seli zilizo nyuma kidogo ya ncha hunywa maji, hujaa, hurefuka, na kwa kurefuka kwake huitupa ncha mbele. Mzizi wote ulio nyuma umekwisha kushikwa na udongo kwa vinyweleo vyake, hausogei tena, na ndiyo maana nguvu ya kusukuma inapata pa kuegemea. Kwenye ncha kuna kofia ya seli ambazo hubanduka na kuachwa njiani pamoja na ute mzito unaolainisha njia. Ndani ya kofia hiyohiyo kuna chembe za wanga zinazotuama upande wa chini, na kwa hizo mzizi hujua ardhi iko upande gani. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu walichokitoa mwaka 1880 kuhusu mwendo wa mimea, walibandika vipande vidogo vya kadi ubavuni mwa ncha za mizizi ya maharage na kuona mzizi ukijipinda kukimbia upande ulioguswa. Walikwenda mbali hadi kuifananisha ncha ya mzizi na ubongo wa mnyama wa hali ya chini. Kulinganisha huko kulizidi kiasi, na hadi leo wanabotania wanagombana juu yake, lakini jambo lenyewe walilolishuhudia ni la kweli: ncha inahisi.

Nguvu ya msukumo huo ilipimwa mapema. Mjerumani Wilhelm Pfeffer aliifunga mizizi ndani ya plasta ya jasi, akaacha ncha isukume dhidi ya kipimo, na mwaka 1893 akachapisha matokeo. Vipimo vya tangu wakati huo vinaonyesha kwamba mizizi ya mimea mingi ya shambani husukuma kwa shinikizo linalokaribia megapaskali moja, yaani mara nne au tano ya upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo. Kwa kitu laini kinachokatika kwa ukucha, hiyo ni nguvu kubwa. Kwa udongo wa Usukumani uliokauka, mara nyingi haitoshi.

Hapa pamba yenyewe inaingia katika hadithi. Mwaka 1963 watafiti wawili wa Texas, H. M. Taylor na H. R. Gardner, walichapisha kazi yao juu ya mzizi mkuu wa mche wa pamba. Waliujaza udongo kwenye makopo, wakaushindilia kwa viwango tofauti na kuupa unyevu tofauti, wakapanda pamba na kupima mizizi mingapi ilifanikiwa kupenya. Watu walikuwa wamezoea kusema mzizi unazuiwa na udongo ulioshikamana sana. Taylor na Gardner walionyesha kuwa kinachouzuia mzizi ni ugumu, na ugumu huo hubadilika na maji. Udongo uleule, ulioshindiliwa vilevile, unapitika ukiwa na unyevu na haupitiki ukikauka. Walipima ugumu kwa sindano ya chuma inayosukumwa ardhini. Ulipokaribia megapaskali tatu, hakuna mzizi hata mmoja wa pamba uliopita.

Mwaka 1969 Taylor, safari hii na mwenzake Ratliff, alilinganisha pamba na karanga. Kasi ya mzizi wa pamba ilishuka kwa nusu pale sindano iliposoma takriban megapaskali 0.7. Kwa karanga, kasi ilishuka kwa nusu pale tu iliposoma karibu 1.9. Msomaji makini atauliza inakuwaje mzizi wenye shinikizo la megapaskali moja upite mahali ambapo sindano inasoma karibu mbili. Jibu ni kwamba sindano haina ute, haijipindi kutafuta upenyo, haitanuki kando ili kuulegeza udongo ulio mbele yake. Inasoma ukinzani mkubwa mara kadhaa kuliko ule mzizi unaoukuta. Jambo la kushika kwa mtu wa Itilima ni kwamba kati ya mazao mawili yanayoweza kukaa shamba moja, pamba ndiyo yenye mzizi dhaifu mbele ya udongo mgumu, na pamba ndiyo inayotegemewa kwa fedha.

Sasa shuka na jambo hilo hadi Nkoma. Pamba hupandwa mvua zinapoanza kukaa sawa, Novemba hadi Desemba. Mche ukipata udongo laini, mzizi mkuu hushuka zaidi ya sentimita mbili kwa siku, mbele sana ya shina linaloonekana juu. Halafu unafika pale plau ilipoishia. Usukumani maksai na plau vimelima miongo mingi, na mara nyingi kwa kina kilekile kila mwaka, maana ndicho kina ambacho ng'ombe wawili waliotoka kwenye kiangazi wanaweza kukivuta. Chini ya kina hicho, msuguano wa chuma na uzito wa kwato hutengeneza sakafu. Mvua zikiwa nyingi sakafu hiyo ni laini kiasi na mizizi inapita. Lakini Simiyu ina tabia yake: Januari na Februari mvua hukatika, wakati mwingine wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Sakafu inakauka kutoka juu, ugumu unapanda, na mzizi ambao haujavuka unagota. Maji ya Desemba yako chini, pengine hatua moja tu kutoka hapo. Pamba inaning'iniza majani mchana na kudondosha vitumba.

Mkulima anasema mvua imemwangusha, na hajakosea, ila si mvua peke yake. Mvua haiko mikononi mwa mtu yeyote, kwa hiyo kuilaumu hakumgharimu mtu kitu, si mkulima, si mtaalamu, si mwanasiasa. Sakafu ya plau ina mwenyewe.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hadithi inaishia hapo: udongo umeishinda nguvu ya mzizi, basi. Januari 2021 jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi la Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na washirika wao wa China, lililoongozwa na Bipin Pandey na Malcolm Bennett, ambalo liliivuruga picha hiyo. Kila mzizi hutoa kiasi kidogo cha ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi zilizovundikwa. Katika udongo wenye nafasi, gesi hiyo hutawanyika. Katika udongo ulioshindiliwa haina pa kupita, inajikusanya kuzunguka ncha, na mzizi ukiisikia unaacha kurefuka na kuanza kunenepa. Watafiti walichukua mpunga uliokuwa na kasoro ya kurithi, usioweza kuisikia ethilini, wakaupanda kwenye udongo ulioshindiliwa. Mizizi yake ilipita. Maana yake ni kwamba sehemu ya kugota huko ni uamuzi wa mmea wenyewe, unaotolewa kabla nguvu haijaisha.

Ugunduzi huo umesisimua wazalishaji wa mbegu, na ni haki yao. Tahadhari inahitajika hata hivyo. Kazi ile ilifanywa kwenye vyungu, kwa mpunga, na mzizi unaopuuza onyo si lazima uwe mzizi bora, kwa sababu kunenepa nako kunaweza kuwa msaada mahali pengine. Hakuna mbegu ya pamba yenye sifa hiyo inayouzwa dukani Bariadi, wala haitauzwa kesho. Anayesubiri mbegu imwondolee sakafu ya plau atasubiri akiwa na sakafu yake.

Lakini mizizi haifanyi kazi ya kupita tu. Inasema pia, na hapa Usukumani kuna msikilizaji mbaya. Kiduha, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalopenda mtama na mahindi, ni mmea unaoishi kwa kunyonya mizizi ya wenzake. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo mno, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Hazioti kwa mvua peke yake. Zinangoja kemikali inayovuja kutoka kwenye mzizi ulio karibu, milimita chache tu, kwa sababu mbegu ndogo namna hiyo ina akiba ya kurefuka milimita chache. Ikishashika mzizi wa mtama inaanza kunyonya, na mwenye shamba anaona mtama umedumaa wiki kadhaa kabla ua halijatokeza juu.

Kemikali ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa ilipatikana Marekani mwaka 1966, baada ya kiduha kuvamia mashamba ya mahindi ya Carolina. Iliitwa strigoli. Haikutolewa kwenye mtama wala kwenye mahindi. Ilitolewa kwenye mizizi ya pamba. Na pamba haishikiki na kiduha. Kwa maneno mengine, mzizi wa pamba unaiita mbegu ya kiduha, mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa ndani ya siku chache. Mkulima anayepokezanisha pamba na mtama kwa nia ya kupata fedha na ugali, anaipunguza pia akiba ya mbegu za kiduha bila kulipia dawa. Inapunguza tu, haimalizi, kwa sababu akiba ni kubwa na mizizi haigusi kila mbegu. Na hapa mambo mawili yanakutana: mzizi wa pamba uliogota kwenye sakafu ya plau hauwezi kuziita mbegu zilizolala chini yake.

Kwa nini mmea utoe kemikali inayomwita adui? Swali hilo lilikaa bila jibu karibu miaka arobaini. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali za jamii hiyo ni wito kwa kuvu wema wa ardhini, ambao huungana na mzizi na kuuletea fosfori kutoka mbali. Kiduha ni mdukuzi aliyejifunza kusikiliza wito usiomhusu. Kwa upande wa mtama, Tanzania ilipitisha mwaka 2002 mbegu mbili zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi, zilizotokana na kazi ya Mwethiopia Gebisa Ejeta wa Chuo Kikuu cha Purdue pamoja na watafiti wa hapa nchini. Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Jirani zetu wa Kenya nao, katika kituo cha ICIPE cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, waligundua kwamba desmodiamu, jani la malisho linalopandwa katikati ya mistari ya mahindi, hutoa mizizini kemikali zinazomvuruga kiduha. Kwa mfugaji wa Itilima mwenye ng'ombe wa kulisha, jani hilo lina kazi mbili.

Dengu inastahili neno lake. Kwenye mbuga, watu hupanda dengu mvua zikiwa zinaisha, na zao lote linaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Ni mbio kati ya mzizi unaoshuka na maji yanayoshuka. Udongo wa mbuga nao una hila yake, kwa kuwa ukikauka unasinyaa na kupasuka, na mizizi iliyovuka ufa inakatwa. Nyufa hizohizo msimu ufuatao ni njia za mvua na mizizi kuteremka. Kilichowafundisha wakulima muda wa kupanda dengu si tasnifu yoyote. Tasnifu ingefaa kueleza kwa nini muda huo ni sahihi, na lini utaacha kuwa sahihi mvua zikibadilika.

Utafiti wa kilimo si mgeni Usukumani. Kituo cha Ukiriguru, Misungwi, kimekuwepo tangu miaka ya 1930, na mbegu za pamba zenye herufi UK zilizopandwa kanda ya ziwa kwa vizazi zimetoka huko. Majaribio yake ya muda mrefu yalionyesha kwamba samadi ikitiwa mara moja, faida yake inaendelea kuonekana kwa misimu kadhaa. Hiyo si mbolea tu. Samadi huugawanya udongo katika mabonge madogo yenye nafasi, na mzizi unahitaji nafasi kama unavyohitaji chakula.

Ila ujuzi huo uliwahi kuletwa kwa fimbo. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliambatana na sheria ndogo za kuamuru matuta, mifereji na kupunguza mifugo, na aliyekaidi alitozwa faini. Mengi yaliyoamriwa yalikuwa na hoja nzuri ya kitaalamu: matuta yaliyofungwa hushika maji, na udongo wa tuta ni laini kwa mzizi. Watu waliyachukia kwa jinsi yalivyoletwa, chuki hiyo ikawa sehemu ya siasa za kudai uhuru, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha sheria hizo zilikuwa zimeachwa. Hasara ilikuwa kwamba hoja nzuri ilitupwa pamoja na faini.

Amri moja imebaki hadi leo, nayo inafaa kutumiwa kwa busara mpya. Kila mkulima wa pamba anatakiwa kung'oa masalia na kuyachoma kabla ya tarehe 15 Septemba, ili kuvunja mzunguko wa funza na wadudu wengine. Ni amri sahihi. Lakini angalia kinachong'olewa. Mzizi mkuu wa pamba iliyoshuka vizuri ni mnyoofu, unanyumbuka kidogo, na hukatika chini sana kwa kuwa umeshika kina. Mzizi uliogota hutoka mzima, na una pindo: umeshuka wima kiasi cha shubiri moja, umenenepa, kisha umelala ubavu na kukimbia sambamba na uso wa ardhi. Pindo hilo ndilo alama ya sakafu ya plau. Kila mwaka, katika wiki chache, Simiyu nzima huchimbua mamilioni ya vielelezo vya aina hii, na karibu vyote huchomwa bila kupimwa. Watafiti wa Ulaya huomba fedha nyingi ili kupata sehemu ndogo ya hivyo.

Kupima kwenyewe si kazi ya mashine. Ng'oa mashina ishirini kutoka sehemu mbalimbali za shamba, si pembeni tu karibu na njia. Pima kwa rula kutoka usawa wa ardhi hadi kwenye pindo. Kama mengi yana pindo na kina chake kinakaribiana, sakafu ipo na kina chake kimejulikana. Chimba shimo moja kwa chepe ubavuni mwa shina lililosimama, mita moja kwenda chini, uone kwa kisu udongo unakuwa mgumu wapi na unalegea tena wapi. Hapo ndipo mkulima anaweza kuamua kama inafaa kukodi jembe la kupasua tabaka, ambalo hukata mstari mwembamba wenye kina bila kugeuza udongo, au kubadili kina cha plau mwaka hadi mwaka, au kupanda mbaazi, ambayo mzizi wake mkuu una nguvu na ukioza huacha tundu ambalo mzizi wa pamba wa msimu ujao utalirithi. Kupasua tabaka kwenye shamba lisilo na tabaka ni kupoteza mafuta na nguvu za ng'ombe, na hilo hutokea mradi unapokuja na majembe kabla ya kuja na vipimo. Na kwenye ibambasi, ambako ugumu umetokana na chumvi ya udongo wenyewe na si plau, kupasua peke yake hakusaidii kwa muda mrefu.

Walimu wa sekondari za Itilima wanaweza kuifanya kazi hii na wanafunzi wao mwezi huohuo wa Septemba. Rula, kisu, chepe na daftari vinatosha. Tarakimu za shule tano au sita, zikiandikwa kwa jina la udongo wa Kisukuma pembeni, zingekuwa mwanzo wa ramani.

Vyuo vikuu navyo vina wajibu wao. Sokoine cha Morogoro na Nelson Mandela cha Arusha vinatoa shahada za uzamivu, na Ukiriguru, kituo kilekile ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kiko jirani. Kwa hiyo siku mwanafunzi wa uzamivu atakapofika ofisi ya kata ya Nkoma kuomba shamba la majaribio, apokewe vizuri, apewe shamba, na aulizwe mambo matatu kabla barua yake haijagongwa muhuri: atachimba hadi kina gani, atapima luseni na mbuga au udongo mmoja tu kati ya hizo mbili, na matokeo atakuja kuyasomea wakulima mwezi gani.